Kona Hamsini na Saba: Daftari la Kuwaandaa Watoto wa Usangu Kupanda Kitulo

Ijumaa, siku 17 kabla

Leo mwalimu mkuu ameweka sahihi. Darasa la Sita, watoto 32, watakwenda kukaa siku tano, usiku nne, katika kituo cha mafunzo ya nje kilichoko juu ya mlima, upande wa Matamba, mara tu likizo ya Juni itakapoanza. Nimefungua daftari hili usiku huu huu kabla furaha haijanisahaulisha mambo ya kufanya.

Mlima wenyewe tunao mlangoni. Ukisimama uwanjani kwetu Chimala, bondeni Usangu, asubuhi ukatazama kusini, unaona ukuta wa kijani umesimama toka ardhini mpaka mawinguni, na njia imechorwa juu yake kama uzi ulioanguka. Hiyo ndiyo barabara ya Matamba, ambayo watu huitaja kwa hesabu ya kona zake: hamsini na saba. Watoto wangu wamezaliwa wakiutazama ukuta huo. Nilipouliza ni wangapi wamewahi kufika juu, iliinuka mikono minne. Wawili kati yao walipelekwa msibani, wakarudi usiku.

Sababu ya safari ilitoka kwenye jibu la darasani, mwezi Machi. Niliuliza maji ya mfereji wetu yanatoka wapi. Kijana mmoja, mtoto wa mkulima wa mpunga, alijibu kwa uhakika kabisa: yanatoka kwa mgawa maji. Wenzake wakakubali kwa vichwa. Sikuweza kuwalaumu. Mtoto wa huku anachokiona ni lango la mfereji, zamu, na mtu mwenye daftari anayesema leo ni zamu ya nani. Hajaona kwamba Mto Chimala, Kimani na mingine inatiririka kutoka kule kwenye nyasi za juu, inateremka kwenye mpunga wetu, inakwenda kuunda Ruaha Mkuu, inapita kwenye ardhi oevu ya Ihefu na hifadhi ya Ruaha, na mwisho inaingia Mtera kwenye bwawa la umeme. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, na sisi wa Usangu tunatajwa kila habari hiyo inapozungumzwa. Nataka watoto hawa waikanyage chemchemi kwa miguu yao kabla hawajakua na kuanza kugombania zamu.

Jumamosi, siku 16 kabla

Nimepanda peke yangu kukagua. Siwezi kuwaomba wazazi wanikabidhi watoto nikawalaze mahali ambapo mimi mwenyewe sijalala.

Noah iliondoka stendi saa nne, ikiwa imejaa watu, mafuta ya taa na vifaranga. Kona za mwanzo niliweza kuzihesabu. Zilipofika kama thelathini masikio yaliziba, mama aliyekuwa pembeni yangu akanipa kipande cha muwa nitafune ili yazibuke, na hesabu ikaniponyoka. Nimeandika: *kila mtoto awe na kitu cha kutafuna, wanaochefuka wakae mbele, asubuhi wale uji mwepesi, mayai hapana.*

Juu hewa ilibadilika ghafla, kama mtu amefungua mlango wa ghala la barafu. Niliteremka nikaamkiana na wazee wawili waliokuwa wakipakia viazi. "Kamwene," wakanijibu, kisha mmoja akatazama viatu vyangu vya wazi akasema kwa upole, "Mwalimu, na hivyo vidole vyako vitalala wapi?" Nimeandika tena: *soksi, jozi tatu kila mmoja.*

Kituo chenyewe ni mabweni mawili ya matofali, jiko, ukumbi mmoja, na eneo la mafunzo lenye miti mikubwa na kamba. Nilizunguka na mkufunzi kwa saa tatu. Nimemwuliza maswali mpaka nikaona haya, lakini yeye hakuchoka. Alinifungulia sanduku la kamba akanionyesha kitu ambacho kimenituliza kuliko maneno yote: kila kamba ina daftari lake. Imeandikwa siku iliyonunuliwa, siku zilizotumika, nani aliikagua kwa kuipitisha mkononi toka mwanzo hadi mwisho, na siku itakayotupwa hata kama bado inaonekana nzima. Kofia ngumu nazo zina namba. Nikasema moyoni, mtu anayetunza kamba hivi atanitunzia mtoto.

Yasiyonifurahisha nayo nimeyaandika. Choo kiko mbali na bweni, hatua zangu 41, na njia haina taa. Kitasa cha mlango wa bweni la wasichana ni kigumu, mtoto hawezi kukifungua gizani akiwa na haraka. Mtandao wa simu unapatikana kwenye kilima kimoja tu nyuma ya jiko. Usiku hakuna gari linalobaki kituoni. Hili la mwisho tumeelewana kabla sijalala: kosta yetu na dereva wake watabaki juu siku zote tano, tutamlipa posho na atalala kwenye chumba cha wageni. Kitasa kimebadilishwa mbele yangu jioni hiyo hiyo.

Vitanda ni vya deka. Watoto wangu wengi hulala chini kwenye mkeka au wanne kitanda kimoja. Mtoto ambaye hajawahi kulala juu ya deka anaweza kugeuka usiku akidhani yuko kwao.

Jumapili, siku 15 kabla

Sikulala vizuri, na ni vyema sikulala, kwa sababu nimejua. Blanketi mbili zilinishinda. Saa kumi alfajiri nilivaa kila nilichokuwa nacho, na kitenge nikakizungusha kichwani. Tupo Mei bado. Mlezi wa bweni ameniambia Juni na Julai huanguka sakitu, nyasi zinageuka nyeupe na ukizikanyaga zinalia chini ya kiatu. Watoto wa mpunga hawajui nyasi zinazolia.

Kabla ya kushuka mkufunzi alinipeleka mpaka kwenye chemchemi watakayoitembelea, mwendo wa saa moja na robo kwa mguu wa mtu mzima. Mkobani mwake kulikuwa na bandeji, filimbi na kioo kidogo cha mkononi. Nikadhani kioo ni cha kujitazamia. Akanionyesha: unakamata jua, unalielekeza kwa mtu aliye mbali, na katika uwanda wa wazi anakuona hata pale sauti ya filimbi isipofika.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na kusimamiwa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, watu huiita Bustani ya Mungu. Ina aina zaidi ya 40 za okidi zinazoota ardhini. Lakini msimu wa maua ni kuanzia Desemba mpaka Aprili, wakati wa mvua, na wakati huo sithubutu kupandisha kosta ya watoto kwenye kona zile. Tukienda Juni tutakuta nyasi zilizokauka, upepo, na anga. Nitawaambia mapema. Mtoto aliyeahidiwa maua akaonyeshwa nyasi hatakuamini tena ukimwonyesha chemchemi.

Na chemchemi haitangazi kufika kwake. Unakanyaga nyasi, mguu unazama kidogo, unasikia ubaridi, unagundua kwamba ardhi yote pale imelowa kama sifongo. Mbele kidogo maji yanajikusanya kwenye kijito chembamba ambacho ningeweza kukiziba kwa kiganja. Nilichuchumaa pale kwa muda mrefu. Nilifikiria lango letu la mfereji na ugomvi wote ambao nimeusikia pale.

Jumatatu, siku 14 kabla

Hesabu ya darasani leo imekuwa ya safari. Sisi tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo ni kama mita 2,600. Kila unapopanda mita 100 joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 0.6 hivi. Wakapata nyuzi 9. Binti mmoja akauliza kama nyuzi 9 ni nyingi. Nikawaambia waweke mikono kwenye ndoo ya maji ya mtungi halafu wasimame uwanjani penye upepo. Wakaelewa.

Jumatano, siku 12 kabla

Mkutano wa wazazi, saa tisa alasiri chini ya mwembe. Waliofika ni 27.

Nilijiandaa kwa swali la pesa, lakini swali lililokuja kwanza lilikuwa la ndege. Mpunga uko shambani, mwingine unavunwa, mwingine bado unapambana na kweleakwelea, na watu wa kuamia, yaani kuwafukuza ndege hao, ni watoto. Baba mmoja alisimama akavua kofia: "Mwalimu, sikatai. Lakini ukinichukulia mtoto siku tano, ndege wao hawana likizo." Wengine wakaguna kukubali. Ni kweli tupu. Kundi moja la kwelea likitua kwenye jaruba kwa mchana mmoja, familia inahesabu magunia yaliyopungua.

Hatukupiga kura wala kulazimishana. Akina mama wawili wenye mashamba jirani walianza kuhesabu kwa vidole ni watoto gani wa Darasa la Tano na la Saba watakaobaki, nani ana shangazi, nani mashamba yake yamekwishavunwa. Kwa nusu saa wakawa wamepanga zamu za kuamia kwa majaruba yote yenye mtoto anayesafiri. Mimi niliandika tu. Ninaandika jambo hili kwa shukrani: safari hii imebebwa na watoto ambao hawatakwenda.

Mchango tumekubaliana uwe kilo tatu za mchele na kilo moja ya maharage kwa kila mtoto, pamoja na pesa kidogo ya mafuta. Mboga na viazi tutanunua juu. Mpishi wa kituo alinionya kuhusu maharage. Kule juu maji huchemka kabla hayajafikia joto la huku, kwenye nyuzi kama 91, kwa hiyo maharage yanayoiva kwetu kwa saa mbili yanaweza kula kuni mchana kutwa. Yatalowekwa toka usiku, au tutawapikia viazi na mchicha.

Nguo nilizitaja moja moja nikiziinua juu ili hata wasiosoma waone: sweta mbili, moja ya sufu ikiwezekana, soksi ndefu, raba zilizokwishavaliwa, zisiwe mpya zikawachuna, koti la mvua, kofia ya kuziba masikio, tochi, blanketi. Suruali za jinzi nimeomba zibaki nyumbani. Jinzi ikilowa kule haikauki, na mtoto aliyevaa jinzi mbichi kwenye upepo ule atatetemeka mpaka kesho.

Watu walipokuwa wakitawanyika bibi mmoja alibaki ameshika kanga yake mdomoni. Alisubiri mpaka tukawa wawili.

"Mwanangu," akasema, "mjukuu wangu asiende. Mwandike kwamba anaumwa."

"Anaumwa nini, bibi?"

Akatazama pembeni. "Bado anakojoa kitandani. Ana miaka kumi na miwili. Nimempeleka kwa daktari, nimempa dawa za miti, nimemsema, nimeacha kumsema. Wenzake wakijua, shule ataiacha."

Tulikaa kwenye mzizi wa mwembe. Nikamwambia kwamba si yeye peke yake, kila darasa nililofundisha limekuwa na mmoja au wawili, wanalala usingizi mzito na kibofu hakiwaamshi, na wengi huacha wenyewe wakikua. Nikamwomba aniachie siku tatu nifikiri namna, na kama sitapata namna nitamwandika mgonjwa.

Alhamisi, siku 11 kabla

Namna imepatikana, na nimeipata usiku nikiwa natandika kitanda cha mwanangu.

Magodoro yote 31 yatatandikwa nailoni ile nzito inayouzwa kwa mita, chini ya shuka. Yote. Nitasema ni kanuni ya usafi ya safari yetu, kulinda magodoro ya wenyewe, na hakuna mtoto atakayeuliza kwa nini lake. Kila usiku saa tano, mlezi na mimi tutawaamsha wote, bweni zima, tuwapeleke chooni kwa mstari na tochi, na tena saa kumi. Chai inakoma saa kumi na mbili jioni. Mchana watakunywa maji ya kutosha kwa sababu hewa ya juu inakausha. Kijana yule atalala kitanda cha chini karibu na mlango, pamoja na wengine wanne watakaopangiwa vitanda vya chini kwa sababu wanaogopa urefu. Kwenye begi langu kutakuwa na shuka, kaptura na blanketi vya ziada. Anayejua ni mlezi, bibi, mimi, na yeye mwenyewe.

Nilimwita baada ya vipindi. Nilimweleza yote bila kuzungukazunguka. Alitazama vidole vyake vya miguu muda wote, halafu akauliza swali moja: "Na shuka likilowa, atalifua nani?" Nikamwambia mimi. Akasema, "Hapana, Mwalimu. Nionyeshe tu maji yalipo." Kwa hiyo nimeandika mahali bomba la nyuma ya bweni lilipo, na kwamba saa kumi na moja alfajiri hakuna mtu pale.

Nimeandika magodoro 31. Asubuhi tulikuwa 32.

Leo ndipo nilikwenda zahanati na orodha ya afya. Watoto wawili wana pumu. Watabeba dawa zao za kuvuta, moja mfukoni na moja kwangu. Mganga alinikumbusha jambo ambalo ningelisahau: mtoto anaweza kupanda mlima akiwa ameshaumwa na mbu wa huku Usangu, na homa ikaanza akiwa juu, kwenye baridi, ambako kila mtu atadhani ni mafua. Ikitokea homa yoyote, jambo la kwanza ni kusema tumetoka Usangu, apimwe malaria.

Na binti mmoja ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mama yake na mimi tulikwenda naye hospitali, daktari akatusikiliza kwa utulivu. Baridi kali, hewa nyepesi ya mita 2,600, uchovu wa kutembea, kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuamsha maumivu, na kituo kiko mbali na hospitali. Alisema hamruhusu. Binti ni wa kwanza darasani katika Jiografia. Ndiye aliyeuliza kama nyuzi 9 ni nyingi.

Alilia njia nzima kurudi. Sikumwambia anyamaze.

Ijumaa, siku 10 kabla

Hakuja shule.

Jumamosi, siku 9 kabla

Mbeya mjini, soko la Mwanjelwa, na mwalimu mwenzangu wa kike. Tulifika asubuhi mapema wakati mabelo yanafunguliwa. Kulikuwa na watoto tisa ambao kwa hakika hawatapata sweta nyumbani, na walimu tulichanga. Nimejifunza kuijua sufu kwa vidole: inachoma kidogo, ni nzito, na ukiikunja mkononi inaanza kukupa joto lako mwenyewe. Zile laini zinazoteleza ni plastiki tupu, zinapendeza lakini upepo unapita kama kwenye chekeche. Muuzaji alipojua ni za watoto wa shule alituongezea furushi la soksi bure, akakataa kabisa kupokea pesa. Tulirudi na sweta 14, kofia 20 na mita 65 za nailoni zilizomfanya kondakta aulize kama tunajenga.

Jumatatu, siku 7 kabla

Binti amerudi. Nilimkuta ameketi dawati lake la mbele kabla ya kengele, na nilikuwa nimekesha nikitafuta kazi ambayo ingekuwa kazi kweli, isiwe ya kumbembeleza.

Kule juu watoto watapima kijito kila siku saa nne asubuhi: upana, kina kwa rula, na muda ambao jani linachukua kuelea mita tano. Vipimo hivyo peke yake havina maana kubwa. Vinahitaji mtu wa kupima mfereji huku chini, saa ile ile, siku zote tano, kwa njia ile ile, na kuandika nani ana zamu ya maji na lango limefunguliwa kiasi gani. Mtu huyo lazima awe makini kuliko wote kwa sababu atakuwa peke yake. Nilimwonyesha majedwali mawili, la juu na la chini, na nafasi tupu katikati yao. Alisoma taratibu. Akaniuliza mgawa maji atamruhusu kusimama langoni? Nikasema nitaongea naye. Akasema hapana, ataongea naye yeye.

Bado ana huzuni, naiona. Lakini jioni alikuwa pale mferejini na rula.

Ijumaa, siku 3 kabla

Usiku wa majaribio. Watoto wote 31 wamelala shuleni, katika madarasa mawili, na mabegi yao yakiwa kamili kama tunavyosafiri. Nilitaka tukosee hapa, ambapo mama yuko ng'ambo ya barabara.

Na tulikosea. Tochi sita hazikuwa na betri. Watoto wanne walikuja na blanketi moja jepesi kwa sababu lile zito analalia mdogo wao, nimelitafutia ufumbuzi. Mvulana mmoja mkubwa, mwenye sauti kuliko wote, alishindwa kulala mpaka saa saba. Hajawahi kulala bila kusikia ng'ombe wa baba yake. Alikuja mlangoni akasimama tu. Tukakaa naye kwenye ngazi tukihesabu malori ya kwenda Tunduma, na lilipopita la kumi na tatu akasema sasa nitaweza.

Saa tano tuliwaamsha wote. Walikwenda kwa mstari wakisinzia, mwingine akitembea macho yamefumba ameshika shati la wa mbele. Saa kumi tukawaamsha tena. Alfajiri nilisikia maji yakimwagika polepole bombani, nikabaki nimelala kitandani kwangu bila kutikisika mpaka yalipokoma. Asubuhi kijana alikuja kunywa uji na wenzake, akacheka na mtu.

Tulizungumza pia juu ya filimbi na kioo. Nikawaeleza nilivyoona kule juu. Binti wa selimundu alikuwa amekuja kutuletea vikombe. Alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho.

Jumapili, siku 1 kabla

Ukaguzi wa mabegi, majina kwenye kila sweta kwa uzi. Mchele umefungwa. Tumeongeza kuni. Bibi ameleta chupa tupu ya maji iliyooshwa vizuri, ameniambia nimjazie pale yanapoanzia. Sijaweza kulala.

Jumatatu, safari

Kosta imewasha saa mbili kasorobo. Akina mama walikuwa wanne wanne dirishani, wakirekebisha kola ambazo hazikuwa zimepinda. Mvulana wa ng'ombe amekaa mbele. Wote wana kipande cha muwa.

Kabla hatujaondoka binti alinifuata na jedwali lake mkononi, limepigwa mistari kwa rula, safu ya kwanza imejazwa tarehe. Akaniuliza kosta itachukua muda gani kufika kona ambayo mtu anaweza kuona shule. Nikamwuliza dereva. Akasema kwa mzigo huu, saa nzima, na kwamba kwenye kona moja kubwa kuna nafasi ya kusimama tupoze injini. Binti akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kuelekea mferejini.

Walianza kuhesabu kona kwa sauti, kosta nzima, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila kona sauti zikawa kubwa zaidi. Ilipofika ya ishirini mmoja alichefuka, tukamfungulia dirisha. Kijana wa bibi alikuwa wa kwanza kusema masikio yake yameziba, na wa kwanza kuwafundisha wengine kutafuna. Sweta zilianza kutoka kwenye mabegi bila mimi kusema.

Kwenye kona ya arobaini na kitu, kwa sababu tayari makundi mawili yalikuwa yanabishana kuhusu hesabu, dereva aliegesha. Tulishuka mmoja mmoja, tukiwa tumeshikana mikono, tukasimama upande wa ndani mbali na ukingo. Usangu yote ilikuwa chini yetu. Majaruba ya kijani na ya dhahabu, barabara kuu na malori madogo kama punje, mfereji umenyooka kama mstari wa penseli. Walinyamaza. Halafu wakaanza wote kwa pamoja: pale kwetu, pale kanisani, pale kwa kina fulani, shule iko wapi, shule ni ile, hapana siyo ile.

Tatizo ni bati. Jua lilikuwa limepanda, na kila paa la Chimala lilikuwa linang'aa. "Ataonekanaje, Mwalimu?" akauliza mmoja wao, na ndipo nilipojua kwamba walikuwa wamepanga na mwenzao bila kuniambia. Wengine walikwisha anza kukata tamaa. Dereva akapiga honi, injini imepoa.

Kijana wa bibi alikuwa bado amekaza macho, kiganja juu ya paji la uso. Akanivuta sweta. Chini kabisa, pale mfereji unapokutana na barabara ya mashamba, ambapo hapana nyumba wala bati, kulikuwa na nukta moja ya mwanga. Ikazimika. Ikawaka. Ikazimika, ikawaka tena.